Paka Waliojua Kunywa Maji

Mama yangu hakupata kumpenda paka hata siku moja kabla ya kuhamia kwangu Garissa. Kwao, nje kidogo ya Habaswein, paka alikuwa mnyama wa watu wa maduka: hakamuliwi, habebi mzigo, hachinjwi, kazi yake kula na kulala. Kwa hiyo nikisema kwamba paka ndio waliommaliza mama, watu wa ukoo wetu hudhani natania. Sitanii. Ukame ulichukua ngamia wake wote, ukachukua na mbuzi, yeye akabakiwa na kitu kimoja. Hicho kimoja ndicho kilichochukuliwa na paka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa mjini, na kila mgeni anayeshuka kutoka Nairobi hutaka nimsimulie ukame, kana kwamba niliutunga mimi. Nimechoka nao. Itoshe kusema kwamba mama aliletwa na lori la mizigo, amekaa mbele na dereva, mapajani amepakata kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa. Alishuka, akanisalimu, akauliza kibla iko upande gani, akatandika mkeka barazani na kulala akiutazama ukuta. Nilidhani ni uchovu wa safari. Zikapita wiki, bado anautazama ukuta ule ule. Alikula alipoambiwa ale, swala hakukosa, lakini baina ya swala moja na nyingine alikuwa kama hayupo.

Kilichomwinua pale chini ni mnyama wa mtu mwingine tu. Mama alikuwa na jicho, na jicho lake lilijulikana kuliko jina la mumewe. Tangu nikiwa mdogo, watu walikuwa wakija kutoka mbali na ndama, na mbuzi, na dume la kupandia, wamuulize: huyu nimweke au nimuuze? Naye alipohamia mjini hawakuacha kuja. Soko la mifugo halipo mbali na nyumba yangu, na kila jamaa aliyetaka kununua mbuzi wa maziwa alimpitisha kwanza uani kwangu. Hapo mama aliinuka. Alinawa mikono, akamvuta mbuzi mdomo wa chini, akamminya uti wa mgongo, akampapasa chini ya mkia bila haya yoyote mbele za wageni. Mwisho aliagiza beseni la maji, akakaa kwenye kigoda na kutazama.

Ya maji ndiyo iliyokuwa hukumu yenyewe. Mnyama anaweza kukuficha kilema, alisema, anaweza kukuficha kikohozi mpaka umfikishe nyumbani, lakini kwenye maji hakufichi kitu. Anayekuja mbio, akanywa, akapumua, akarudi kunywa tena, huyo atavuka kiangazi. Anayelowesha midomo na kugeuka, mwache aende na mwenyewe. Nilikulia kwenye sheria hiyo. Sikuwahi kuiona ikikosea, na waliokuwa wakija kwake pia hawakuwahi kuiona ikikosea. Basi ningewezaje kujua kwamba ilikuwa na mpaka?

Paka wa kwanza aliingia kwangu kwa bahati tu. Mwalimu mwenzangu, mtu wa bara, alihamishwa, akaniachia paka wake jike wa asili ya Uajemi: mweupe, manyoya marefu, uso umebanwa kama mlango uliofungwa kwa hasira. Mama alimtazama siku ya kwanza akauliza, "Amepigwa teke na punda?" Nikamwambia ndivyo walivyo. Akasema basi ni maskini, akageukia ukuta wake.

Joto la Garissa halina huruma kwa mtu, sembuse kwa mnyama aliyevaa koti. Yule paka alitafuta sehemu yenye ubaridi nyumba nzima, akaipata kando ya mtungi wa maji wa mama, barazani. Akawa analala hapo, mgongo wake umeegemea mtungi na miguu imegusa mkeka. Sijui waliambiana nini wale wawili. Jioni moja narudi kutoka shuleni, namkuta mama amekaa kitako, ameupa ukuta mgongo, paka yuko miguuni pake.

"Hooyo," akaniita, "mama yake huyu ni nani?"

Kwetu hooyo ni mama, na mama naye humwita mtoto wake hivyo hivyo, upendo unakwenda na kurudi kwa neno moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu ashuke kwenye lori. Nikaelewa anachouliza. Ngamia wetu huhesabiwa kwa mama zao. Mama yangu angeweza kukutajia mama, bibi na mama wa bibi wa kila ngamia jike aliyewahi kumkamua, mpaka usingizi ukushike. Nikampigia simu mwalimu mwenzangu. Kumbe paka wa Kiajemi nao wana nasaba, na yeye aliijua vizuri: mama wa huyu, bibi yake, alikotoka bibi yake. Nikamtafsiria mama neno kwa neno. Alisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayepokea posa ya heshima.

"Basi si maskini," akasema. "Ni mtu na watu wake. Tumtafutie dume."

Hivyo ndivyo ulivyoanza ufugaji wetu. Yangu yalikuwa kusoma na yake yalikuwa kufanya. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu kuzalisha paka wa Kiajemi: jike asipandwe kabla hajakomaa, apumzishwe baina ya uzazi, wachanjwe, wapewe dawa za minyoo, watoto wasitolewe kwa mama yao mapema. Mama alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama hao walioandika walidhani ngamia huzalishwa vipi. Alikuwa akitania. Mama yangu alikuwa akitania! Ningekubali kugeuza nyumba nzima zizi.

Tulipata habari za mama mmoja wa Kisomali, Eastleigh, mwenye madume wawili wa Kiajemi, na aliyekuwa tayari kumtoa mmoja. Mama hakutaka kuletewa picha. Picha hainywi maji, alisema. Akafunga safari mpaka Nairobi, mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka daraja la Tana kwa hiari yake. Tukapanda ngazi za ghorofa, yeye akisimama kila baada ya hatua chache na kuuliza kwa nini watu wanaishi juu ya watu wengine.

Madume walikuwa wazuri wote wawili, wa kijivu na mwekundu. Mimi niliuliza kuhusu vipimo, maana nilisoma kwamba paka hawa wana magonjwa ya kurithi. Mwenyewe akacheka, akasema paka wake hawajawahi hata kupiga chafya. Mama hakuwa na habari na maneno yetu. Aliwapapasa, akawavuta midomo, akawatazama macho. Kisha akaomba beseni la maji, akakaa chini sakafuni na buibui lake.

Wa kijivu alikuja, akaonja, akaenda zake kulala juu ya kochi. Mwekundu alikuja akainama, akanywa. Akanywa mpaka nikadhani ametosheka. Akainua kichwa, kidevu kinachuruzika, akatutazama sote mmoja mmoja, akainama tena. Mwenyewe akasema, "Huyo ndivyo alivyo, kunywa hachoki." Mama akamwekea mkono mgongoni taratibu, na nikamsikia akisema kwa sauti niliyodhani ilizikwa pamoja na ngamia wake.

"Huyu anajua kunywa."

Tukarudi Garissa na mwekundu.

Miaka iliyofuata nitaisimulia kwa haraka kwa sababu ilikuwa mizuri, na mizuri inaniuma kuliko mibaya. Mama aliung'oa mkeka wake barazani. Alizungushia pembe ya ua boma la matawi ya mgunga, miiba na yote, boma la mbuzi kabisa lakini la paka, na majirani wakaja kucheka na kubaki kunywa chai. Madirishani kwenye chumba cha watoto alitundika magunia yaliyoloweshwa maji, upepo ukipita unaingia baridi. Mchanga wa choo chao aliutaka wa mtoni, akauchekecha mwenyewe. Jike alipokaribia kuzaa alifukiza chumba kwa ubani kama afanyavyo kwa mzazi binadamu, akakunja mikono ya gauni na kukaa naye. Kitoto cha kwanza kilipotoka, kidogo kama panya na kinalia, mama alikifuta kwa ncha ya mtandio wake na kumshukuru Mungu kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Na aliwanywesha. Hakukubali paka wawekewe maji yakae tu, kila mmoja anywe anapotaka. Aliwanywesha kama kundi, asubuhi na alasiri, kwa zamu, wakubwa kwanza, akiwaimbia nyimbo za kisimani tunazowaimbia ngamia. Paka wakazoea. Akianza kuimba tu, wanatoka kila pembe wamesimamisha mikia na kujipanga mbele ya mabeseni. Nimewaona wanaume wazima, wafugaji, wamesimama mlangoni kwangu wanatazama jambo hilo, hawajui wacheke au walie. Mmoja alilia. Naye alikuwa amepoteza kundi lake upande wa Bute.

Hatukuuza. Sheikh wa msikiti wetu alisema kuuza paka kuna mgogoro baina ya wanazuoni, na mama hakutaka mgogoro na mwanazuoni yeyote. Tuligawa, na aliyepewa alirudi siku nyingine na sukari au kitambaa cha nguo. Lakini nani agawiwe na nani abaki kundini, hilo lilikuwa la mama peke yake. Hakuwa na haraka. Aliwalea mpaka wakapevuka, na akawatazama kwenye maji. Wale waliolowesha midomo na kuondoka aliwagawa. "Hawa ni wa watu wa mjini," alisema, "watawekwa kwenye zulia." Wanywaji akawabakiza, na kwa hao akaendeleza ukoo: binti wa mweupe aliyemwona ni mnywaji alitafutiwa dume wa nje, na dume mwana wa mwekundu, mnywaji kama baba yake, alipelekwa kwa majike ya watu. Alikuwa mwangalifu wasipandane ndugu. Alifanya kila kitu sawasawa, kama alivyofanya maisha yake yote. Nataka hilo lieleweke, maana kuna watu wa kwetu siku hizi wanaosema mwanamke yule alikuwa anacheza tu.

Mwekundu ndiye aliyeanza. Alikonda. Nikasema ni joto, tukamnyoa manyoya, na chini ya manyoya tukamkuta mifupa. Pumzi yake ikawa na harufu ya mkojo. Akawa anatapika asubuhi povu jeupe. Mama alimpa manemane iliyolowekwa, akampa supu ya kichwa cha mbuzi, akamlaza kando ya mtungi mahali mweupe alipolala zamani. Kisha akaanza mwanawe wa kwanza, akafuata binti yule aliyekuwa kipenzi cha mama, wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Wakikonda hivyo, bado wanakunywa. Mabeseni yaliisha kabla ya alasiri. Na kila nilipomwambia mama twende kwa daktari, alinijibu lile lile.

"Usiogope, hooyo. Hawafi hawa. Huoni bado wanakunywa?"

Mwekundu alikufa kwenye beseni. Si kwamba alizama. Alikwenda kunywa asubuhi kama kawaida, akaweka kidevu kwenye ukingo wa beseni, hakukiondoa. Mama aliendelea kuimba kwa muda kabla hajajua.

Nilikwenda kumtafuta daktari wa mifugo bila kumuuliza mama tena. Nilimpata binti mmoja wa bara, kijana, mpole, aliyekuja Garissa kwa kazi ya ng'ombe. Alikuwa na mashine ndogo ya kupiga picha ya tumbo, ile ya kutazamia mimba. Alikuja nayo Ijumaa baada ya swala, akaiweka juu ya meza yangu ya kusahihishia mitihani. Mama alimshika paka mmoja mmoja mwenyewe, kwa mikono ile ile, na daktari akampaka mafuta ubavuni na kutuonyesha kwenye kioo.

Alianza na mweupe, yule mama wa wote. "Hii ni figo," akasema daktari. Kitu kimoja cha kijivu, kimejaa, umbo la haragwe. Akatuonyesha na ya pili. Nzuri zote. Akamleta binti wa rangi ya maziwa. Kwenye kioo hapakuwa na haragwe. Palikuwa na matundu meusi, makubwa na madogo, yamebanana, kama sega la nyuki.

Mama anajua Kiswahili cha sokoni, ambacho p yake ni b, na huona haya kukitumia mbele yangu kwa sababu ya kazi yangu. Siku hiyo hakuona haya.

"Daktari, hiyo si figo. Mimi nachinja mbuzi tangu msichana. Figo mimi najua."

"Ndiyo, mama. Ilikuwa figo. Hayo ni malengelenge ya maji, yameila."

Wa tatu, matundu. Wa nne, matundu. Aliwapima wote waliokuwa bomani, na isipokuwa mweupe hakupatikana mzima hata mmoja. Daktari mwenyewe alishangaa. Alituambia kwamba ugonjwa huu si wa kuambukizana, wanazaliwa nao, na kwamba hapa ulitoka kwa mwekundu. Mzazi mmoja akiwa nao, kwa kawaida takriban nusu ya watoto huupata na nusu hutoka wazima. Hakuelewa imekuwaje hapa nyumbani wakawa wagonjwa watupu. Akaniuliza mimi, kwa Kiswahili chake kizuri cha shuleni, kama kuna jinsi tulivyowachagua waliobaki.

Nilijua tayari. Nilikuwa nimejua tangu picha ya pili kwenye kioo, na mwili wangu wote ulikuwa unaomba asiulize zaidi. Nikasema tuliwachagua tu, walivyotupendeza. Naye, maskini, akaendelea kufundisha, maana ndiyo kazi yake. Akasema mara nyingine wafugaji hukosa dalili ya mapema kwa sababu mnyama anaonekana yuko sawa, anacheza, anakula. Figo ikianza kushindwa, mwili unapoteza maji, na mnyama anatafuta ya kufidia.

"Kwa hiyo dalili ya kwanza kabisa ni maji," akasema. "Utamwona anakunywa sana."

Sikumtafsiria mama. Nilidhani nikinyamaza, sentensi ile itapita juu ya kichwa cha mama na kwenda zake. Mama alikuwa amemshika yule binti wa rangi ya maziwa kifuani, mafuta ya mashine yamemlowesha gauni.

"Ile baka nakunywa mingi," akasema taratibu, "ndiyo mgonjwa?"

Daktari akafurahi kwamba ameeleweka. "Ndiyo, mama! Umenielewa vizuri sana."

"Na ile nakunywa kidogo tu, ikaenda?"

"Hiyo mara nyingi ni nzima."

Mama akamweka paka chini. Akamshukuru daktari, akamwombea dua kwa baba na mama yake, akaniambia nimletee chai na maandazi. Alimsindikiza mpaka mlangoni kama inavyopasa. Kisha akaingia bomani akakaa chini katikati ya wanyama wake wagonjwa, aliowachagua mmoja mmoja kwa jicho lake, na wale wazima wote aliokuwa amewagawa wako mjini kwenye mazulia ya watu.

Ningependa kusema kwamba nilipata neno la kumwambia. Ninafundisha maneno, nalipwa kwa maneno. Nilimwambia kwamba hata daktari asingejua bila mashine. Nilimwambia ngamia si paka, na kisima cha Habaswein si chumba cha Eastleigh. Nilimwambia ni kadari ya Mungu. Hilo la mwisho ndilo alilolijibu.

"Ukame ulikuwa wa Mungu," akasema. "Hawa niliwachagua mimi."

Kwa wiki zilizofuata walikufa, na sitawataja walivyofuatana. Daktari alisema wasikose maji hata kidogo, ndiyo nafuu pekee waliyobaki nayo. Mama alijaza mabeseni kutwa nzima, na hakuna aliyewekewa maji safi kama wale paka. Lakini kuimba aliacha. Na akishaweka beseni aligeuka upesi akaenda zake, asiwaone wakinywa. Mwanamke aliyeketi kwenye kigoda miaka yote kutazama mnyama akinywa, sasa anakimbia kama mtu aliyeona uchi wa mzazi wake. Nilikuwa nikisimama jikoni naitazama hali hiyo na nasikia hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Ningemkasirikia nani? Mama wa Eastleigh? Yule daktari na furaha yake? Mwekundu mwenyewe, aliyekuwa na kiu tu?

Nilijaribu jambo moja. Nilizunguka mjini kutafuta wale tuliowagawa, na kwa mke wa mwenye duka la vitambaa nilimkuta mjukuu wa mweupe, jike, mnene, mtulivu, amelala juu ya robota la pazia. Nilimwomba kwa siku moja. Daktari akampima: figo nzuri kama za bibi yake. Mwenye duka mwenyewe akasema, ikiwa mama anamtaka kwa mbegu, amchukue, hana kinyongo. Daktari akasema anamfahamu mtu mwenye dume aliyepimwa. Nikaenda nyumbani nimempakata, moyo unanidunda kama msichana. Nilikuwa na maneno yote tayari: ukoo haujaisha, hooyo, mweupe bado yupo, na huyu hapa, mzima, tuanze upya, mara hii kwa mashine.

Mkeka ulikuwa umerudi barazani. Nikamweka paka mbele ya mama. Paka akamnusa vidole, akapanda mapajani mwake akajikunja. Mama hakumgusa. Alinyanyua mikono juu kidogo, kama mtu ambaye mikono yake ina uchafu.

"Mzuri?" nikauliza.

"Sijui," akasema.

"Mtazame tu, hooyo."

"Nimtazame kwa nini? Nikisema mzuri, atakufa."

Nilimrudisha paka dukani kabla ya magharibi. Kule bomani miiba ilianza kuanguka ndani na hakuna aliyeirudisha. Mweupe, mzee sasa, alirudi kulala kando ya mtungi, na mama akarudi kwenye ukuta wake. Mtu angepita nje angesema hakuna kilichobadilika tangu siku ile lori lilipomshusha. Mimi pia nilijaribu kujiambia hivyo. Nilijiambia bado kuna lile lililomwinua zamani.

Abti, ndivyo tunavyomwita mjomba, alikuja siku ya soko. Ni kaka mdogo wa mama, mtu wa kelele na kicheko, na alikuwa na mbuzi majike wawili amewafunga kamba moja. Mwenye mbuzi amemruhusu awachukue wote akamrudishie mmoja. Aliingia uani akipiga salamu kama mtu aliyeleta harusi.

"Abaayo," akamwita dada yake, "inuka unitazamie. Mmoja wa hawa ananidanganya, na sijui ni yupi."

Mama hakugeuka. "Waalaykum salaam," akasema kuelekea ukutani. "Mimi sijui mbuzi."

Abti akacheka kicheko chake kikubwa, akanikonyeza. Akadhani ni utani, na kweli kama ungekuwa utani ungekuwa mzuri: mama yangu hajui mbuzi. Alisubiri. Akawavuta mbuzi karibu na mkeka mpaka mmoja akamkanyaga mama upindo wa gauni. Mama akauvuta upindo. Kicheko cha abti kikapungua kidogo kidogo, akanitazama bila kunikonyeza.

Sikujua la kufanya, nikafanya lile nililolifanya tangu utotoni kila mnyama alipoletwa. Nilichota beseni la maji nikaliweka chini mbele yao. Mbuzi wale walitoka mbali na walikuwa na kiu. Waliingiza midomo wote wawili kwa pamoja, wakaanza kunywa kwa nguvu, na ua mzima ukawa hauna sauti nyingine. Abti alikuwa akimtazama dada yake, nami pia.

Mama akavuta shuka, akajifunika mpaka masikioni.